Upande Mkali wa Kichuguu

Nyuma ya mtaa wetu kuna kilima ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisifu. Wazee waliotutangulia walikiita Kichuguu, na jina likakaa, kwa sababu ukikitazama kutoka barabarani kinafanana kweli na kazi ya mchwa walioanza kwa bidii kisha wakachoka. Hakina msitu wala chemchemi. Mbuzi hukipanda bila kuacha kutafuna, na watoto hukishuka kwa makalio, wamekalia vipande vya maboksi. Juu kabisa kuna nguzo fupi ya saruji iliyoachwa na wapima ardhi, na tangi la maji lililotoboka. Basi.

Ubaya wa kilima cha namna hiyo ni kwamba hakimpi mtu heshima. Ukiuendea mlima mkubwa ukashindwa katikati, utapewa pole na kikombe cha chai, na hadithi utakayoisimulia mpaka uzeeni. Ukikipanda Kichuguu ukafika juu, nani atakupa hongera? Na ukishindwa, afadhali uhame.

Hicho ndicho kilima ambacho Mama Pasi alikubali kukipanda, akiwa na goti moja bovu, ili aachwe aishi nyumbani kwake.

Mama Pasi alikuwa dobi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Sisi wa mtaani hatukuwa na haja nalo. Chumba chake cha kazi kilitazamana na barabara, na chumba cha kulala kilikuwa nyuma yake, katikati pazia. Meza ya kupigia pasi ilichukua karibu chumba chote cha mbele. Ilitandikwa blanketi lililokunjwa, na juu ya blanketi shuka ambalo zamani lilikuwa jeupe na sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya moto. Alikuwa na pasi ya umeme, na chini ya meza pasi ya mkaa ikingoja siku umeme utakapokatika, kama mke mkubwa anayejua kwamba ataitwa tu. Nguo zilizokwisha zilining'inia kwenye kamba ukutani, mgongo kwa mgongo, hata ukiingia jioni ulihisi umekuta watu wamepanga foleni kimya.

Hakuandika majina ya wateja. Kila mmoja alikuwa na uzi wake: mshono mmoja mdogo ndani ya pindo, wa rangi yake, mahali ambapo hata mwenye nguo hapaoni. Kuna watu waliohama mtaa huu wakafia huko walikohamia, na uzi wa Mama Pasi ukazikwa nao.

Ukiniuliza maisha yake yalikuwa nini, nitakujibu kwamba alisimama. Alisimama akiwa mwari, akajifunza kazi kwa mama yake mkubwa. Alisimama akiwa na mimba. Alisimama wiki ile aliyofiwa na mumewe, kwa kuwa nguo za watu zilikuwa zimekwisha kuloweshwa, na nguo iliyoloweshwa haijui msiba. Mwanawe wa pekee alilala utotoni ndani ya kapu chini ya meza ile, akilelewa na joto la pasi na sauti ya maji yakinyunyizwa, mpaka akakua, akasoma, akaenda kuajiriwa na kampuni ya bima katika mji wa mbali, kazi yake kukadiria ajali ambazo bado hazijatokea.

Katika kazi yake Mama Pasi alikuwa na kanuni moja, na ndiyo iliyokuja kumponza: kigumu kwanza. Shati huanzia kola, kisha mabega, kisha mwisho wa mikono penye vifungo. Kifua na mgongo, ambako pasi inateleza yenyewe, hungoja. Nguo ikiwa na unyevunyevu inakubali. Ikikauka inakuwa na kiburi. Anayeanza na kifua kwa kupenda urahisi hufika kwenye kola mkono umechoka na kitambaa kimekuwa kikavu kama ngozi ya ngoma. Kanuni hii aliitoa mezani akaipeleka kila mahali. Kwenye sahani alianza na mboga chungu. Akiwa na habari mbaya alikupa kabla hujaketi, halafu ndipo akakuuliza watoto hawajambo. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akisema kwamba siku ya harusi yao Mama Pasi alianza kwa kulia, akayamaliza machozi yote asubuhi, na jioni wenzake walipokuwa wanalia yeye alikuwa anacheza.

Basi goti. Lilianza kwa kuuma, likaendelea kwa kuvimba, na siku moja likamwachia bila taarifa. Alijishika kwenye ukingo wa meza akabaki ananing'inia pale, na pasi, iliyokuwa juu ya joho la mwalimu wa kwaya, ikabaki imelala kifudifudi. Mpaka alipoweza kunyanyuka, joho lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni yenye umbo kamili la pasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuunguza nguo ya mtu. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, alisema si neno, atalivaa hivyo hivyo. Lakini mwalimu wa kwaya kazi yake ni kuwapa watu mgongo. Waimbaji hawakuona kitu. Kanisa zima liliona. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imezunguka mtaa, na wifi, ambaye hajawahi kuificha siri ikapata usingizi ndani yake, alimpigia simu kijana wa Mama Pasi.

Kijana alifika Ijumaa. Aliangalia goti, akaangalia meza, akaangalia waya wa pasi uliokuwa umefungwafungwa kwa utepe, na uso wake ukawa ule wa ofisini. Akasema mkewe yuko nyumbani, anasalimu, na yeye amekuja kumchukua. Anakoishi kuna lifti, kuna hospitali karibu, kuna chumba kinachopata jua la asubuhi. Alikuwa amekwisha kuongea na mwenye nyumba kuhusu kurudisha vyumba. Aliyasema haya yote kwa upole na kwa mpangilio, na mama yake alimsikiliza kama unavyosikiliza maelezo ya dawa utakayokataa kuinywa.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alisema hajafa. Kijana akasema hajasema amekufa. Yeye akasema mtu hang'olewi kama msumari. Kijana akasema msumari ukilegea unaumiza watu. Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na pazia, kikombe mkononi, akitazama huku na huku. Hatimaye kijana alikwenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo, na macho yake yakaangukia kilima.

"Mama, wewe sasa hivi hata Kichuguu huwezi kukipanda."

Nadhani hakukusudia kusema vile. Ni neno lililomtoka kwa kuwa kilima kilikuwa pale, kama mtu mwenye hasira anavyoshika kitu kilicho karibu.

"Nikikipanda?" mama yake akauliza.

"Mama, tuache mzaha."

"Wifi, umemsikia. Nikikipanda?"

Kijana aligeuka. Alikuwa na aibu, na aibu ikamfanya ajibu kwa ukali kuliko alivyotaka. "Ukikipanda ukafika juu, nitakuacha ukae hapa mpaka siku utakayoniita mwenyewe. Usipofika, Jumatatu tunasafiri wote."

"Shangazi yako ni shahidi," akasema Mama Pasi, na akaanza kukusanya vikombe.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi na umande. Mama Pasi alifunga goti kwa kitambaa, akavaa raba za marehemu mumewe zilizojazwa soksi, na kanga kiunoni. Kijana alivaa shati lake la kazini na sweta juu yake, kwa kuwa hakuwa amekuja na nguo za kupanda vilima. Wifi alikuja na kapu lenye machungwa na chupa ya maji, akasema yeye ni shahidi tu, na shahidi hakimbizwi.

Kichuguu kina njia inayojulikana. Inaanzia nyuma ya karakana ya seremala, inazunguka taratibu kwa upande wa mashariki, na hata mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani anaipanda akiongea. Upande wa pili, unaotazama nyumba zetu, ni wa kusimama: changarawe, majani ya kukata mikono, na vijia vya mbuzi visivyojua vinakokwenda. Hakuna anayepita huko ila watoto, na watoto hupita wakishuka.

Mama Pasi alisimama chini akazitazama njia zote mbili kama anavyotazama shati. Kisha akaelekea upande mkali.

Wifi alimuuliza kama amerogwa. Yeye akajibu kwamba sasa hivi kuna ubaridi, ardhi ina unyevu, na mwili bado una nguvu. Kigumu kinafanywa sasa, chepesi kitangoja huko juu jua likishatoka. Kijana alijaribu kumwambia kwamba njia ni moja au nyingine, kwamba ukishapita upande huu ule mwingine haukungoji, kwa kuwa kilima si shati. Lakini ukimwambia mtu kwamba maisha yake yote amekuwa akianza mahali pasipo, tegemea asikusikie. Wifi alitikisa kichwa, akatwika kapu lake, akaenda zake kwa njia ya seremala. "Tutaonana juu," alisema, "au chini, au kwenye tangazo la redio."

Walipanda. Mwanzoni kijana alitangulia akimnyooshea mkono, naye akaukataa. Kisha akakaa nyuma yake ili amdake akianguka, akafukuzwa, kwa kuwa mtu hawezi kupanda akihisi kuna anayemsubiri aanguke. Mwishowe alirudi mbele, akienda hatua chache na kugeuka. Changarawe ilikuwa ikiteleza chini ya raba zile kubwa. Mama Pasi aligundua kwamba akienda moja kwa moja goti linapiga kelele, lakini akikata ubavuni, mguu mzuri juu na mbaya chini, anaweza. Basi akaenda hivyo, kushoto mpaka kwenye jiwe, kulia mpaka kwenye kichaka, kila mara akiwa juu kidogo. Hakutazama kilele. Alitazama mahali pa kuweka mguu unaofuata, na kwa mtu aliyeishi kwa kutazama kipande cha nguo kilicho chini ya pasi, hilo halikuwa geni.

Jua lilipotoka lilitoka lote mara moja. Majani yakakauka. Alikuwa anahema kwa mdomo, na kanga ilikuwa imelowa mgongoni. Lakini juu yake aliona ukingo, na nyuma ya ukingo anga tupu, akajua kwamba amefika. Alipiga hatua za mwisho karibu kwa kutambaa, akajivuta kwa shina la kichaka, akatokeza.

Hapakuwa juu. Palikuwa ni kibaraza tu, pahali kilima kilipopumzika kabla ya kuendelea. Mbele yake mwinuko mwingine, mpole sasa, wenye majani mafupi, ulipanda mpaka kwenye nguzo ya saruji, na nguzo ilionekana ndogo.

Aliketi chini. Hakuchagua kuketi. Goti lilikuwa limevimba likajaza kitambaa, na mapaja yalikuwa yanatetemeka kama ya ndama. Alielewa hapo kwamba alikuwa amekosea. Kwamba nguvu zote alizozimalizia kwenye changarawe ndizo ambazo angezihitaji kwenye majani haya laini, na kwamba wifi mahali fulani upande wa pili anatembea akila chungwa.

Kijana aliona. Angeweza kusema. Alivua sweta, akalifunga kiunoni, akaenda hatua chache kando akasimama akitazama bonde, mikono kiunoni, akimpa mama yake muda wa kutoonekana.

Ndipo Mama Pasi akauona mgongo wa shati.

Kola kwa mbele ilikuwa imenyooka, si vibaya, kazi ya mtu asiyejua lakini anayejitahidi. Kifua alikuwa amekiona asubuhi kabla ya sweta, kilikuwa sawa. Lakini mgongo wote ulikuwa umekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni, na chini ya kola kwa nyuma pasi haikuwa imefika kabisa. Si kwamba ilipigwa vibaya. Haikupigwa. Yeye aliwajua wanaume wanaopiga pasi namna hii; wengine walikuwa wateja wake kabla hawajawa wateja. Ni yule anayenyoosha pale tu watu wanapopaona, kwa kuwa anatoka nyumbani akiwa amevaa koti, na hakuna mtu mlangoni anayemwambia hebu geuka.

"Baba," alimwita, kama anavyomwita tangu akiwa ndani ya kapu. "Mkeo yuko wapi?"

Kijana hakugeuka. "Yuko nyumbani, Mama. Nilikwambia. Anakusalimu."

"Nakuuliza yuko wapi."

Upepo ulipita kwenye majani ukaenda zake. Kijana aliketi pale pale alipokuwa amesimama, ubavu kwa mama yake, akaanza kung'oa majani moja moja. Alisema amerudi kwao. Alisema ni tangu kabla ya mvua zilizopita. Hapakuwa na mtu mwingine, wala matusi, wala sahani iliyovunjika. Walianza kunyamaza kidogo kidogo, kila mmoja akidhani mwenzake amechoka na kazi, mpaka ukimya ukawa ndio desturi ya nyumba, na siku aliyofunga mizigo waliagana kwa heshima kama wapangaji.

"Tungegombana," alisema, "ningekuwa na la kukueleza."

Mama Pasi alikuwa anafikiria simu zote za jioni ya Jumapili. "Na zile salamu zake ulizokuwa unanipa?"

"Nilikuwa nazitunga."

Kulikuwa na mara moja ambapo zile salamu zilikuwa na swali kuhusu dawa ya goti, na nyingine yenye kichekesho. Alikaa akiwaza jinsi mwanawe alivyokuwa akiketi katika vyumba vitupu, simu mkononi, akitunga kichekesho cha mtu asiyekuwapo ili mama yake acheke. Aliwahi kumwosha mtoto huyu, kumtibu surua, kumfundisha kufunga kamba za viatu, na hakuwahi kumwonea huruma kama aliyomwonea dakika ile.

Sasa nguzo ilikuwa pale juu, na goti lilikuwa hapa. Na Mama Pasi, ambaye hakuwahi kuwa mjinga, aliona wazi kilicholala mbele yake. Angetamka neno moja tu, goti limekataa, na lisingekuwa hata uongo mkubwa. Kijana angemchukua Jumatatu. Nyumba yake isingekuwa tupu tena, na asingelazimika kumwomba mtu chochote wala kukiri chochote. Kushindwa kungekuwa zawadi, na rahisi kuliko zote alizowahi kumpa. Mama hutoa vikubwa kuliko hivyo kila siku bila kuvihesabu. Kilima chenyewe kilikuwa kimekwisha kumtafutia sababu.

Alikaa na wazo hilo. Nalo lilikuwa tamu, sitaki kudanganya. Lakini kadiri alivyoligeuza ndivyo alivyoiona ile nyumba waliyokuwa wanaiendea: yeye akijifanya amekwenda kwa ajili ya goti, kijana akijifanya amemleta kwa ajili ya goti, asubuhi wakilijulia hali goti, jioni wakilisugua goti, watu wawili na kiungo kimoja katikati kikibebeshwa mzigo wa wote. Na ukimya, ule ule uliomtoa mkwe, ungepata mpangaji mwingine.

Alishika kichaka, akasimama.

"Mama, kaa. Yaishe. Mimi sijali tena habari ya kushindana."

"Mimi najali," alisema.

Sehemu ile iliyobaki, ambayo mtoto angeikimbia kwa pumzi moja, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Hapakuwa na changarawe ya kulaumu. Palikuwa na majani laini na jua, na mguu ambao kila ulipokanyagwa uliuliza kwa nini. Alisimama mara nyingi. Kuna wakati alitembea kinyumenyume, akitazama chini walikotoka, kwa kuwa hivyo goti lilikunjika kwa upande mwingine, na kijana alitembea pembeni yake akitazama mbele kwa niaba yake, akimwambia kuna jiwe, kuna shimo, sogea kushoto kidogo. Hakumshika. Alikuwa ameelewa kwamba hapaswi kumshika.

Wifi alikuwa ameketi chini ya nguzo, viatu vimevuliwa, maganda ya machungwa yamemzunguka.

"Karibuni," alisema. "Nimefika zamani. Nimeshafahamiana na mbuzi wote wa hapa, kuna mmoja tumepatana sana kimawazo." Kisha akaona uso wa Mama Pasi, akasogea haraka kumpisha kivulini. "Wifi yangu wewe, ulikuwa unakipanda kilima au unakipiga pasi?"

Mama Pasi alicheka mpaka akakohoa. Alikunywa maji. Kisha, kwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kufika mahali alipopaona kila siku ya maisha yake, akatazama. Hakuna la kusimulia sana. Mabati, miti michache, moshi. Paa lake hakulipata. Macho hayakuwa tena ya kazi hiyo, na wifi alipomwonyesha kwa kidole aliitikia tu. Lakini aliiona barabara yetu. Maisha yake yote, akiwa mlangoni kwake, aliamini kwamba imenyooka. Kumbe inapinda, na nyumba yake iko pale pale kwenye kiwiko, ndiyo maana hakuwahi kuwaona waliokuwa wanakuja mpaka wakawa wamefika.

Kijana alikuwa amesimama. "Umeshinda, Mama," alisema. "Nitaongea na mwenye nyumba. Sitakusumbua tena." Aliyasema vizuri, kama mtu mzima, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko miguu ya mama yake.

"Shangazi yako amesikia?"

"Nimesikia," wifi akasema. "Na mbuzi wamesikia."

"Basi limekwisha hilo," Mama Pasi akasema. "Sasa niombe."

"Nikuombe nini?"

"Kile ulichokuja kukichukua. Kiombe."

Wifi, aliyekuwa anamenya chungwa jingine, aliacha kumenya. Halafu kwa mara ya kwanza katika umri wake wote alionyesha busara ya kugeuka na kutazama upande mwingine, ingawa masikio aliyaacha pale pale.

Ilimchukua kijana muda mrefu. Alitazama viatu vyake vya ofisini vilivyojaa vumbi. Alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nadhani lilikuwa linakuja neno kuhusu hospitali au lifti, akalirudisha.

"Mama, naomba uje ukae na mimi," alisema. "Nikirudi kutoka kazini sina wa kusalimia."

Mama yake alimwachia lile neno lisimame lenyewe, bila mtu wa kulishika mkono.

"Nitakuja," alisema. "Lakini sihami. Nakuja kukaa, mpaka uweze kula chakula chako bila kuwasha redio. Vyumba vyangu vinabaki vyangu. Wifi atafungua mlango asubuhi, watu waone kuna mtu. Na siku nikisema narudi, usiniletee habari ya kilima chochote."

"Mlango nitafungua," wifi alisema akiwa bado ametazama kando, "ila nguo za watu msinitafutie kesi."

Kijana alikuwa amejifunika uso kwa kiganja, kama mtu anayekinga jua. Mbuzi mmoja alikuja akanusa maganda ya machungwa, akayala, akaondoka.

Walishuka kwa njia ya seremala, ile ya kuzunguka. Wifi alitangulia na kapu tupu, akiwakumbusha kwa sauti kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma, na kwamba kama wangemsikiliza tangu chini wangekuwa nyumbani sasa hivi wanakunywa chai. Alisema kweli. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Kila hatua goti lilibeba mwili mzima na kuurudishia mwili maumivu, na njia pole haikuwa na lolote la kusaidia.

Katika kona ya kwanza Mama Pasi alisimama. Akamwambia kijana atembee mbele yake, taratibu, asigeuke. Akaweka mkono begani kwake, juu ya shati lile lililokunjamana, akaegemea, kwanza kidogo, kisha kwa uzito wake wote.

"Linauma sana?" kijana akauliza, akitazama mbele.

"Linauma sana," alisema.

Kijana alipunguza hatua. Wakaendelea kushuka.